Mtoto Aliyebebwa Kimakosa

Gungu, Kigoma
6 Februari 2005

Kwako Ella, mwenzangu wa dawati moja,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na kama una malaria basi isome hivyo hivyo, maana nilichonacho hakiwezi kungoja upone. Huku sote wazima. Mjomba bado ananiweka kwenye duka lake la kukodisha CD kuanzia asubuhi hadi jioni, na mimi bado naangalia kila kinachoingia kabla ya wateja. Hiyo ndiyo raha yangu pekee.

Nimekutumia CD mbili kwa Martini, yule dereva wa lori la unga anayeleta mzigo kambini kwenu. Ni picha mpya, inakwenda kwa sehemu, CD nane nzima! Ina jina refu la Kizungu lakini hapa Gungu kila mtu anaiita Kimbunga.

Steringi ni mwoka mikate. Kweli tena, mwoka mikate! Anaitwa Rei. Siku moja kiwanda cha jirani kinalipuka, moshi wa ajabu unamwingia puani, na palepale anaanza kuruka angani. Hapo sina neno, picha ni picha. Anaingia kwenye moto kumwokoa mama yake na mdogo wake Toni. Mama anamtupia begani. Halafu anapapasa kwenye moshi mpaka anampata mtoto, anamviringisha blanketi, anambana kwapani, huyoo mpaka ng'ambo ya mto. Anafunua blanketi: siyo Toni! Ni Lusi, kabinti ka jirani. Anageuka kuangalia, nyumba imeshaanguka.

Ella, nilisimama nikapiga kelele mpaka wateja wakanicheka. Mtu anasikia nati ikilegea kwenye ndege iliyo mji mwingine, lakini hajui kwamba aliyembeba siyo mdogo wake? Hajui uzito? Hajui harufu? Mimi ukinifunga kitambaa usoni ukanipa mdogo wangu nimbebe, nitamjua kwa ile miguu yake ya vidonda tu. Aliyeandika hii picha ametuona mabwege. Tena huyo Rei anatia mikate kwenye tanuri, anakwenda kuokoa treni, anapigana na watu arobaini, anarudi, mikate haijaungua!

Angalia halafu uniambie. Nataka kubishana na mtu mwenye akili, hapa dukani wote wanasema "steringi hafi" basi wanaridhika.

Mpe shikamoo yangu Mama Ira.

Ni mimi,
Shadia

*

Kambini, Kasulu
21 Februari 2005

Shadia wee,

Mana yanje, Mungu wangu! Umetuua na picha yako!

Sina malaria. CD zilifika Jumatano, siku ya kugawiwa chakula, kwa hiyo watu walikuwa wameshapata mahindi na mafuta na mioyo yao imetulia. Mzee Ndikumana akaionesha saa tisa alasiri kwenye banda lake la video. Unalijua? Hulijui. Kuta za mabua, juu turubai, jenereta nyuma linanguruma, televisheni moja juu ya pipa, na mtafsiri ameketi pembeni na kipaza sauti anawasemea wote. Tulijaa mpaka madirishani. Mama anakaa benchi la mbele, nafasi yake ni ileile kila siku, mtu akiikalia anasimamishwa.

Lile blanketi lilipofunuliwa banda zima lilisimama. Hakuna aliyesema haiwezekani, Shadia. Hakuna hata mmoja. Mama mmoja nyuma alisema tu, "Yoo, ni hivyo hivyo," akafuta macho. Kilichowaudhi ni kingine kabisa: kama anaruka, mbona hakurudi? Hilo lilizua ugomvi mpaka sehemu ya pili ikasimamishwa kwanza. Wazee wanasema steringi angerudi hata kama ni kukuta vumbi tu, angetafuta hata mifupa. Vijana wanasema nguvu zilikuwa mpya, hakujua bado kwamba ana uwezo wa kurudi. Mimi niko na vijana.

Na kuhusu kutomjua uliyembeba, inawezekana. Wewe ulikuwa unambeba mdogo wako ukiwa umetulia. Usiniulize zaidi, inawezekana.

Lakini Lusi! Lusi ndiye kipenzi cha kambi nzima. Ile sehemu anaposimama mlangoni siku ya kwanza kwa mama yake Rei, haingii, anasema, "Sikuomba kubebwa, lakini nimebebwa, nionesheni pa kukaa nisiwasumbue." Watu walilia! Sasa watoto wakibebwa migongoni wanapiga kelele, "Sikuomba kubebwa!" na mama zao wanawachapa vibao vya kucheka.

Na yule mtu wa kinyago anayesimama juu ya paa na kuiangalia nyumba ya mama, mtafsiri ametuambia ni Toni, hakufa. Tuna hamu kweli! Leta ya tatu na ya nne, usizubae!

Mama anasema marahaba, na anauliza kama umeshajua kupika.

Wako,
Ella

*

Gungu
9 Machi 2005

Ella, Ella, Ella!

Huyo mtafsiri wenu ni mwongo! Mwongo wa kutupwa! Nimeirudisha CD ya kwanza mara tatu, nimeweka sikio kwenye spika. Lusi pale mlangoni hasemi kitu. Hasemi! Anakohoa. Nimemhesabia, katika CD nne nzima kabinti kale kamesema maneno kumi na moja, na matatu kati ya hayo ni "asante."

Na yule wa kinyago siyo Toni. Anaitwa Kivuli, ni jambazi mkuu, ndiye anayelipua madaraja. Toni alikufa, kuna kaburi, kuna jina juu ya kaburi, kuna maua! Mnalishwa kanyaboya huko. Ni nani huyo mtafsiri? Niambie jina lake nimwandikie mwenyewe, nimpe kozi.

Nikuambie ukweli wangu kuhusu Lusi: simpendi. Hana kazi katika picha. Yuko mezani kila siku, anakula, anaangalia chini. Amekaa kwenye kiti cha mtu, amelala kwenye kitanda cha mtu, na mwandishi hajampa hata jambo moja la kufanya. Mhusika wa namna hiyo angekufa tu CD ya pili, hadithi ingekwenda mbio. Dukani wote wananiunga mkono. Kuna mteja wangu mmoja, mama wa Ujiji anayeuza mawese, kila Lusi akitokea anasema, "Huyo tena," anaenda zake msalani.

Ya tatu na ya nne nilishampa Martini safari iliyopita, ya tano na ya sita hizo hapo. Zitunze, mjomba ananitolea macho.

Shadia mwenye hasira

*

Kambini
25 Machi 2005

Shadia,

Mtafsiri ni mimi.

Cheka kwanza, nasubiri.

Yule wa zamani alirudi kwao Makamba, Burundi, mwezi wa kumi na moja pamoja na wale waliojiandikisha kurudi nyumbani. Mzee Ndikumana akauliza nani anajua Kiingereza, na mimi mkono wangu ukapanda wenyewe. Kiingereza changu unakijua, ni kile kile cha shule ya msingi, tena nusu yake nilikuwa nanakili kwako. Lakini jenereta likishawaka hakuna anayesikia Kiingereza, hata mimi. Nasikia ngurumo na midundo. Basi naangalia nyuso. Naangalia mtu anavyoshika kikombe, anavyofungua mlango, anakwepa macho ya nani. Halafu nampa kila mmoja sauti yake. Rei nampa sauti nzito. Mama yake nampa sauti ya mama yangu, yeye mwenyewe hajagundua, anacheka tu mbele pale. Ningekuwa naogopa kama nisingeona kwamba watu wanaelewa. Shadia, nikishika kile kipaza sauti mimi siyo mkimbizi wala siyo yatima wala siyo nani. Mimi ni watu wote!

Ndiyo, nilimpa Lusi maneno. Alikuwa nayo mdomoni, hakupewa nafasi. Wewe umemwona anakula na kuangalia chini. Mimi nimemwona anahesabu vijiko vya wali asije akazidisha. Nimemwona anakwepa kile kiti cha dirishani ambacho hakuna anayekikalia. Hujamwona? Rudisha CD ya tatu.

Na Kivuli ni Toni. Nakupinga mpaka mwisho. Jambazi gani anasimama juu ya paa kuangalia mama wa mtu anaanika nguo? Tuweke dau. Akiwa siyo Toni, nitasema mbele ya banda zima kwamba Shadia wa Gungu ana akili kuliko mimi. Akiwa Toni, unaniletea migebuka waliokaushwa vizuri, siyo wale wa mabaki. Tangu tuhamishiwe huku sijala samaki wa ziwani.

Mtafsiri wa kutupwa,
Ella

*

Gungu
14 Aprili 2005

WEWE NI MCHAWI!

Ella, sikia. Jana nimeweka CD ya saba. Kivuli yuko juu ya daraja, Rei amemkaba, mvua inanyesha, anamvua kinyago, na... TONI! Toni mwenyewe, mzima, kovu la moto mpaka shingoni! Niliruka nikagonga rafu, CD zikamwagika zote chini, mjomba akaja mbio akidhani kuna mwizi. Nikamwambia, "Mjomba, ni mdogo wake!" Akasema, "Mdogo wa nani?" Ikabidi nimweleze tangu mwanzo, akaketi, tukaiangalia yote upya. Mjomba wangu, mtu ambaye hajawahi kuangalia kitu zaidi ya taarifa ya habari!

Wewe ulijua tangu CD ya pili. Umejuaje? Huna Kiingereza, jenereta linanguruma, na kaburi limeoneshwa wazi. Mimi nilikuwa na kila neno masikioni na sikuona kitu. Nimerudisha zote. Kweli anaangalia nguo zikianikwa. Kweli Lusi anakwepa kile kiti. Nimeona haya, wallahi.

Ila bado nabisha. Amewezaje kuishi miaka kumi ng'ambo ya mto tu, asije hata siku moja kubisha hodi? Mwandishi atueleze.

Migebuka kumi na wawili hao, wamekaushwa na bibi mmoja wa Mwamgongo anayekuja na mtumbwi wa soko. CD ya saba ipo kwenye bahasha. Ya nane, ya mwisho, imekwaruzika. Deki haiisomi kabisa. Pole sana. Labda mle bandani mbuni mwisho wenu, nyie si mnajua.

Shadia

*

Kambini
2 Mei 2005

Shadia rafiki yangu,

Migebuka wamefika, tumekula siku mbili, Mama amelamba vidole na kusema mtoto huyu amelelewa. Banda lilipomwona Toni lilipasuka! Watu walinibeba juu juu, mimi, mtafsiri! Mzee Ndikumana alitoa soda.

Sasa nikujibu nilijuaje. Sijawahi kumwambia mtu. Kaa chini.

Unamjua mama kama Mama Ira. Ulipokuwa unakuja kwetu Gungu uliuliza Ira yuko wapi, tukakuambia yuko kwa bibi yake Burundi. Siyo kweli. Mwaka tisini na tatu, siku ya kukimbia, Mama alikuwa na watoto watatu: Iradukunda wa kwanza, miaka tisa, na Ininahazwe, na Petero mdogo. Mvua ilikuwa inanyesha vibaya. Akawaingiza kwenye mtumbwi, akawafunika kitenge kimoja, watu wanasukumana, wanalia. Ira akaruka nje kusaidia kusukuma mtumbwi utoke kwenye mchanga. Mama hakumwona. Mtu mmoja, hata leo sijui ni nani, akanichukua mimi akaniingiza pale palipobaki wazi. Nilikuwa na miaka sita au saba. Mtumbwi ukaondoka. Mama akapitisha mkono chini ya kitenge, akashika vichwa: kimoja, viwili, vitatu. Akamshukuru Mungu.

Tulishuka Mwamgongo kumekucha. Akafunua kitenge.

Unakumbuka uliandika, hajui uzito, hajui harufu? Kitenge kilikuwa kimelowa, Shadia. Sote tulikuwa na harufu moja.

Hakunifukuza. Hakunipiga. Hakuniuliza. Alinivisha shati la Ira kwa sababu ndilo lilikuwa kavu. Alipeleka jina la Ira kwa watu wanaotafuta waliopotea, mara ngapi sijui, hakuna jibu. Na tangu siku ile, miaka kumi na miwili, hatujawahi kulitaja jambo hili nyumbani. Watu wanamwita Mama Ira, na kila wanapomwita mimi nakwepa kile kiti. Basi yule kijana juu ya paa nilimjua mara moja. Namwota. Anasimama anaangalia mama yake anaanika nguo zangu.

Lusi ni mimi. Ulisema angekufa CD ya pili. Sikukasirika, ulikuwa hujui, lakini nililia kidogo chooni.

Sasa sikia lililopo. Mwalimu Leodgar wa shule ya kambini ameanza kusema natunga. Amemwambia Mzee Ndikumana kuwa mtafsiri asiyejua lugha anawadanganya watu. Mzee ameamua hivi: CD ya mwisho mwalimu atakaa pembeni yangu, ameazima nyaya za kusikilizia masikioni. Nikisema kisichosemwa, kipaza sauti kinakwenda kwake moja kwa moja. Na Mama atakuwa benchi la mbele, hakosi, ameanza kuimba anapofua tangu Toni aonekane. Ana furaha mpaka naogopa.

CD yako haijakwaruzika. Nakujua wewe, ukidanganya unaandika sentensi fupi fupi. Ilete. Na uniambie kabla: Toni akirudi nyumbani, mama anasema nini kuhusu Lusi? Nisije nikalisikia kwa mara ya kwanza nikiwa na kipaza sauti mdomoni.

Ella

*

Gungu
11 Mei 2005

Ella wangu,

Nimeisoma barua yako nyuma ya duka, nimefunga mlango, wateja wamegonga mpaka wamechoka. Nisamehe. Nisamehe kwa Lusi, na kwa harufu, na kwa yule mama wa mawese ambaye leo nimemgombeza bure na yeye hajui kwa nini.

Ndiyo, nilidanganya. Haijakwaruzika. Niliificha kwa sababu mwisho wake ni mbaya, na nilikuwa nadhani ni mbaya kwa watu wa banda tu, waliompenda Lusi. Sikujua.

Nakuambia kama ilivyo. Wote wako kwenye daraja. Toni anamwambia mama yake, "Chagua. Mimi, au yule aliyekaa mahali pangu." Mama anamwangalia Toni, anamwangalia Lusi. Halafu anasema, "Lusi siyo mtoto wangu. Ilikuwa makosa." Lusi anasema "asante," anageuka, anaondoka anaingia kwenye moshi. Mama anamkumbatia Toni, Rei anaruka juu, muziki, majina, kwisha. Ndiyo mwisho! Mjomba alizima deki kwa kidole gumba akasema, "Huyu mwandishi hana mama?" Miaka kumi amemsuka nywele, amemuuguza surua, halafu "ilikuwa makosa"! Hata jambazi hasemi hivyo. Wamembadilisha yule mama ndani ya dakika moja ili wapate pa kuweka muziki.

Sasa hivi nimeshika CD mkono mmoja na msumari mkono wa pili. Nikipiga mstari mmoja tu hakuna deki itakayoisoma, hakuna mwalimu, hakuna mtihani, kipaza sauti kinabaki chako, na Mama Ira ataendelea kuimba. Niambie tu. Au idanganye, msemee yule mama maneno mengine, huyo Leodgar aseme atakavyo.

Lakini ni yako kuamua, siyo yangu. Naiweka kwenye bahasha ikiwa nzima, pamoja na karatasi niliyokuandikia maneno yote yanayosemwa humo. Na msumari nimeuweka humo humo.

Shadia anayekupenda

*

Kambini
19 Mei 2005

Shadia,

Haraka haraka, Martini anawasha gari.

Asante kwa vyote. Msumari nimetundikia shati.

Tunaonesha kesho saa tisa. Nitasema kilichosemwa, neno kwa neno, siyo kwa sababu ya mwalimu. Hili jambo halijawahi kutamkwa nyumbani kwetu, na kila siku nalisikia. Acha yule mama wa Kizungu alitamke, nimwone Mama anafanya nini na uso wake. Nikijua nimejua.

Niombee kwa namna ya kwenu.

E.

*

Kambini
22 Mei 2005

Shadia! Shadia! Shadia!

Nimejaribu kukuandikia tangu juzi, nacheka, naacha, nalia, naanza upya. Sasa ngoja.

Banda lilijaa mpaka wakaondoa ukuta wa nyuma, kweli, waling'oa mabua yote. Mwalimu Leodgar kanikalia ubavuni, nyaya masikioni, daftari mapajani, kalamu tayari kama anasahihisha mtihani. Nikatafsiri. Nilisema sawasawa, kwa sababu uliniandikia kila kitu, na kila nikimaliza sentensi mwalimu anatikisa kichwa: sawa. Sawa. Ikafika darajani. Toni akasema, "Chagua." Nikasema, "Chagua." Yule mama akamwangalia Toni, akamwangalia Lusi, na bandani kila mtu akasogea mbele.

Akasema. Na mimi nikasema, kwa ile sauti niliyompa tangu mwanzo, sauti ya mama yangu: "Lusi siyo mtoto wangu. Ilikuwa makosa."

Watu waliguta! Kandambili ikarushwa ikapiga turubai. Mwalimu akasema kwa sauti, "Ndivyo alivyosema, hajatunga." Kwenye kioo Lusi akafungua mdomo, nilitakiwa niseme "asante," neno moja tu, na halikutoka. Nilikuwa na kipaza sauti mdomoni na sina sauti. Kila mtu ananiangalia.

Hapo Mama yangu akasimama. Akaja mbele mpaka mwanga wa televisheni ukawa mgongoni kwake na hatukuona picha tena. Hakuchukua kipaza sauti. Alisema kwa Kirundi, kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya bonde.

"Oya, hapana! Huyu mwanamke anasema uongo. Mimi nilihesabu kwa mkono wangu huu. Nilishika vichwa vitatu, nikasema wangu, nikamshukuru Mungu. Mungu alinisikia. Siwezi kwenda asubuhi yake kumwambia nilikosea kushukuru. Na aliyebaki ni wangu, namsubiri mpaka leo, na siku akija hatanikuta nimemfukuza mtu ili nimpe pa kukaa. Nitasogeza benchi!"

Shadia, watu walisimama. Wanawake walipiga vigelegele kama harusini. Kumbe mle ndani wangapi wana watoto waliobaki nyuma, wangapi nao walifunua kitenge. Yule mama wa nyuma aliyesema ni hivyo hivyo alikuja akamshika Mama mkono wakasimama wote wawili mbele ya televisheni. Halafu Mama akanigeukia mimi, mbele za watu, akasema, "Mwana wanje, endelea. Watu wanangoja picha."

Nikaendelea! Sijui sauti ilitoka wapi. Lusi alikuwa anaingia kwenye moshi, nikasema, "Lusi anakwenda kumwita Rei, chakula kiko tayari, waje wale wote wanne." Banda likalipuka kwa kicheko na kilio pamoja. Mwalimu Leodgar akavua nyaya akasema, "Hilo sasa halijasemwa." Na Mzee Ndikumana, Shadia, Mzee Ndikumana aliyepanga mtihani ule, akamwambia, "Mwalimu, nyamaza, tunaangalia picha."

Kipaza sauti ninacho. Tumeionesha mara tatu tangu juzi na kila mara wananitaka niseme ule mwisho, hata mwalimu jana alikaa nyuma akacheka.

Jioni ile Mama alimenya vitunguu, akapika, hakusema kitu cha ajabu. Ila nilipokaa mkekani pale ninapokaaga siku zote, karibu na mlango, alinivuta kwa gauni mpaka katikati, kati ya Ininahazwe na Petero. Basi.

Sasa ananisimamia hapa, amesema na yeye ana maoni juu ya picha, niandike anavyosema nisiongeze lolote. Hayo hapo chini ni yake.

Ella

Shadia mwanangu, migebuka tulikula, asante. Kama pale dukani kwenu kuna anwani ya huyo anayeandika picha, mwandikie hivi. Kumbeba mtoto asiye wako ukidhani ni wako, inawezekana, na wewe usibishe tena. Mtoto kukaa ng'ambo miaka mingi bila kubisha hodi, inawezekana, pengine hajui mlango uko wapi. Mtu kuruka angani, sijaona, lakini sibishi. Hilo la mwisho tu ndilo haliwezekani. Arudie.

Nimesema mimi,
Mama Ira na Ella